Mimba Thelathini na Moja za Tarehe Moja Januari

Profesa wangu alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni niliihesabu kuwa utovu wa adabu. Kila Ijumaa, saa nane mchana, maabara ya kompyuta iliachwa kwa wanawake peke yao, nasi tuliketi kuizunguka meza ndefu iliyokuwa karibu na dirisha. Hakuna aliyeruhusiwa kusema utafiti wake umefika wapi kabla hajataja kosa alilolifanya wiki hiyo. Kosa la jirani halikukubaliwa, wala la stima kupotea. Lilitakiwa lake mwenyewe. Yule ambaye kosa lake lilishinda ya wenzake kwa ukubwa alipewa kibuyu cha mursik, akanywa wa kwanza huku wengine wakimpigia vigelegele.

Kwa asiyeijua Eldoret, mursik ni maziwa yaliyolazwa kibuyuni pamoja na unga laini wa makaa hadi yakaganda. Mwanariadha akirudi nyumbani na ushindi hupokelewa kwa kibuyu hicho, na hunywa mbele ya umati kabla hata hajamsalimu mama yake. Profesa alizaliwa katika shamba la ngano si mbali na mji, na alikuwa amewaona wakimbiaji wengi wakinyweshwa.

"Mkimbiaji anapewa kwa sababu amefika," alituambia. "Hapa tunampa aliyepotea mbali, bora amerudi kutuonyesha alipopotelea."

Niliketi kwenye meza hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, mjane, mama wa watoto watatu. Wasichana walioketi nami wangeweza kuwa binti zangu. Profesa alinizidi miaka minne tu. Na kwa muda wa miaka mitatu na nusu sikukionja kibuyu. Kila Ijumaa nilileta kosa dogo, lililofuliwa na kupigwa pasi: nukta niliyoisahau, mabano niliyoyaacha wazi. Profesa alinitazama juu ya miwani yake.

"Mama, hilo si kosa. Hizo ni salamu."

Wasichana walicheka, nami nikacheka nao, lakini sikubadilika. Mtu aliyesoma akiwa mtu mzima huwa na woga wake. Nilihofu kwamba kosa langu moja kubwa lingetosha kuwakumbusha watu wote mahali nilipotoka.

Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Niliolewa mwaka wa 1987, tukatoka upande wa ziwa na kuja Eldoret, ambako mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Alifariki kwa ugonjwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2004. Ndugu zake walipokuja kuniamulia maisha, niliwapa chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha, nikawasindikiza hadi barabarani, nikarudi ndani peke yangu. Mwaka uliofuata nilifungua chumba cha kuchapa karibu na lango la chuo kikuu. Wanafunzi waliniletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, nami nikazichapa kwa kompyuta. Nilichapa utafiti wa watu kabla sijajua utafiti ni nini. Hata hivyo, nilijua kalenda. Mwanafunzi akiandika kwamba aliwahoji wakulima Jumatatu fulani, na kalenda ikasema siku hiyo ilikuwa Jumapili, nilimrudishia karatasi yake bila kuichapa.

Chumba hicho kiliteketea Jumatano, tarehe 2 Januari 2008, pamoja na nyumba niliyopanga nyuma yake. Sitasema mengi kuhusu siku hizo za vurugu za baada ya uchaguzi. Yaliyotokea yanajulikana, na waliotenda na waliotendwa bado tunanunua mboga katika soko moja. Nitasema tu kwamba nilifika uwanja wa maonyesho na watoto wangu wote, tukapewa hema. Maafisa walipita wakiandikisha watu. Walitaka tarehe: ulizaliwa lini, uliolewa lini, ulihamia lini nyumba iliyoungua. Vyeti vilikuwa vimeungua pia. Wanawake waliojibu "zamani kidogo" au "mtoto wa pili alikuwa ameanza kutembea" waliambiwa wasimame kando, kana kwamba wanaficha jambo. Mimi nilizitaja tarehe zangu zote bila kusita, nikaandikwa mara moja. Tangu siku hiyo, tarehe zikawa hati zangu.

Jumanne, tarehe 12 Februari, mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua alipita kati ya mahema akimuulizia mama wa kuchapa. Ndiye profesa.

"Mama, ni wewe ulikuwa unachapa pale getini?"

"Ni mimi."

"Kuna wanafunzi wangu kumi na mmoja wanalia. Kazi zao zilikuwa kwako."

Nilifungua fundo la leso yangu, nikampa flashi, kile kifaa kidogo cha kuhifadhia kazi za kompyuta.

"Ziko zote humo. Ila yule anayeandika juu ya mahindi ana tarehe mbili za uongo."

Alikitazama kile kifaa kiganjani mwake, kisha akanitazama mimi.

"Umekimbia na utafiti wa watu ukaacha sufuria?"

"Sufuria ilikuwa moto, Profesa. Nilikuwa napika."

Alicheka hadi watu wakatoka kwenye mahema kuona nani ana cha kuchekea mahali pale. Kicheko chake kilikuwa cha kwanza kukisikia tangu Krismasi. Alipotulia aliniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia. Nilingoja anionee huruma, nikajiandaa kuikataa. Hakunionea.

"Darasa la saba," alisema, akifunga koti lake. "Sawa. Basi la nane tunaliruka."

Kuanzia Machi mwaka huo aliniletea vitabu vya sekondari kila Jumamosi, na kila Jumamosi alinitahini. Wapo watu wake waliomuuliza kwa nini anahangaika na mtu wa kule. "Kule wapi?" aliwajibu. "Kapsoya?" Maana tayari nilikuwa nimepanga nyumba Kapsoya, mtaa wa Eldoret hiyo hiyo. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka wa 2009, mwaka mmoja na mtoto wangu wa pili. Katika hisabati nilimpita, jambo ambalo nimekatazwa kulitaja nyumbani. Jumatatu, tarehe 6 Septemba 2010, niliingia chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nikavutiwa kiti kwenye ile meza.

Profesa hakumpa mwanafunzi mada ya utafiti. Alimtuma akakae siku tatu na mtu anayefanya kazi yake, bila kompyuta, bila simu, akiwa na daftari tu. "Ukirudi na jibu, nitakurudisha," alisema. "Rudi na swali." Msichana mmoja alikaa na wauza mitumba. Mwingine alikaa na dereva wa trekta, akarudi amejifunza kuendesha trekta lakini hana swali, akarudishwa. Zamu yangu ilipofika, mwaka wa mwisho, nilikwenda katika zahanati ndogo ya kanisa kando ya barabara ya Plateau. Muuguzi mkuu wa pale, tuliyemwita Sista, alikuwa na daftari kubwa la akina mama wajawazito, na malalamiko yake yalikuwa yale yale: wanakuja mara ya kwanza, halafu hawaonekani hadi uchungu ukiwashika.

Nikarudi na swali langu. Je, kompyuta inaweza kumkumbusha mama siku yake ya kliniki kwa ujumbe wa simu?

Niliiandika programu hiyo kwa miezi mitatu. Karani wa zahanati angeingiza jina la mama, nambari ya simu, na siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Kompyuta ingehesabu majuma yenyewe, na ujumbe ungetoka siku moja kabla ya kila ziara. Kilichonipa fahari zaidi ni ukali wake. Bila tarehe kamili, yaani siku, mwezi na mwaka, programu ilikataa kuendelea. Iliandika kwa rangi nyekundu: TAREHE HAIJAKAMILIKA.

Profesa aliijaribu Januari 2014. Aliacha tarehe wazi kwa makusudi, akaona maneno mekundu.

"Na asiyejua tarehe afanye nini, Mama?"

"Ataijua. Akiulizwa vizuri, ataijua."

Aliandika neno katika daftari lake. "Haya. Lakini Sista asiache daftari lake hata siku moja. Majaribio ni majaribio."

Tulianza Jumatatu, tarehe 3 Februari. Karani, msichana mchangamfu aliyekuwa amemaliza shule mwaka uliotangulia, aliwaandikisha akina mama wengi kuliko nilivyotarajia. Nilizifungua rekodi mara moja moja nikihesabu tu ni ngapi. Zote zilikuwa na tarehe kamili. Sikuona hata nafasi moja tupu, nikaridhika. Utetezi wa utafiti mbele ya jopo ulipangwa kuwa Ijumaa, tarehe 9 Mei. Nikifaulu, ningevaa joho mwaka huo. Nikishindwa, ningerudia mwaka mzima, nikiwa na miaka arobaini na mitano.

Jumatano, tarehe 23 Aprili, siku mbili baada ya Jumatatu ya Pasaka, simu ililia saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa Sista.

"Mama, kuja."

"Kuna shida gani, Sista?"

"Kuja tu. Utaziona zikiwa zimeketi."

Nilichukua bodaboda, na kabla hatujafika nikaanza kuona. Ubao wa kuketia ulikuwa umejaa. Kwenye nyasi walikuwa wameketi wanawake wengine, wenye matumbo makubwa, wenye matumbo madogo, wengine na majembe waliyokuja nayo moja kwa moja kutoka kwenye kupanda mahindi. Nilipoingia getini, Sista alinyoosha kidole.

"Huyu ndiye mwenye kompyuta. Mwambieni."

Mwanamke mmoja kijana alisimama. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto mchanga. Alinionyesha simu yake, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Mimba yako sasa ina wiki kumi na sita. Tafadhali fika kliniki kesho." Akamgeuza mtoto nikamwona uso.

"Huyu nilimzaa wiki mbili zilizopita. Sasa, Mama, mnataka nimrudishe?"

Nyasi zote zilicheka. Bibi mmoja aliyevaa sweta ya shule alijikongoja mbele. Simu ya mkaza mwanawe ilikuwa kwake, kwa hiyo ujumbe ulimfikia yeye.

"Mimi nina wajukuu tisa," alisema. "Nilipoona nimeandikiwa nina mimba, niliita mzee nikamwonyesha. Mzee amefurahi sana. Ameenda kuchinja kuku."

"Hajachinja bado, Kogo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, akimwita nyanya kwa lugha yao. "Nimemwacha bado anaifukuza!"

Niliomba wanaoambiwa wiki kumi na sita wainue mikono. Nilihesabu mikono thelathini na mmoja. Nilimwendea karani ndani, nikafungua rekodi, na safari hii nikazisoma. Mama wa kwanza: tarehe 1 Januari 2014. Wa pili: tarehe 1 Januari 2014. Nikateremka ukurasa mzima.

"Hii ni nini?" nilimuuliza, kwa sauti ambayo sijivunii.

Msichana alikuwa karibu kulia. "Mashine inakataa bila tarehe, Mama. Mtu amesimama mbele yangu, anasema mimba ilishika wakati wa kuvuna. Naandika 'wakati wa kuvuna', mashine inageuka nyekundu. Nikakumbuka kitambulisho cha babu yangu. Naye hajui siku aliyozaliwa, wakamwandikia tarehe moja Januari. Nikaona kama serikali inafanya hivyo, hata mimi naweza."

"Ungeniuliza!"

"Usimgombeze," Sista alisema kutoka mlangoni. "Wewe ndiye umemlazimisha."

Siku hiyo Sista aliwapima wote, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufika. Kulikuwa na wanne ambao hakuwa amewaona tangu Februari, na alifurahi kuwaona hata kwa njia hiyo. Mke wa mchungaji alileta birika mbili za chai. Walipokuwa wakingoja zamu, wanawake walianza kuulizana kama wafanye sherehe moja ya kuwapa watoto majina, kwa kuwa mimba zote zilishika siku moja, na kama ni hivyo, ni nani aliyepita katika kijiji chote usiku wa Mwaka Mpya. Nilirudi Kapsoya jioni nikiwa nimepauka, ingawa nyuma yangu bado walikuwa wakicheka.

Nilimweleza mtu mmoja tu, mwanafunzi mwenzangu tuliyekuwa tukishirikiana kompyuta. Alishangaa kwamba nina wasiwasi.

"Mathe, si ufute tu hizo? Zile za tarehe safi ziko ngapi?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane ziko poa kabisa. Unapeleka hizo kwa jopo, unafaulu, unasahau. Nani ataenda Plateau kuuliza?"

Nakiri kwamba nililitengeneza faili hilo. Nilinakili rekodi kumi na nane peke yake, na zilikuwa nzuri kutazama. Kila mama alikuwa na tarehe yake, kila ujumbe ulifika siku yake. Nilijiambia kwamba si uongo, kwa kuwa hakuna rekodi hata moja niliyoibuni.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili, niliketi mezani kama kawaida. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba nilisahau kufunga mabano.

"Salamu zimefika," alisema profesa, akageukia aliyefuata.

Aliyefuata alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mwembamba, ambaye kwa kawaida alizungumza kwa kunong'ona. Alisema amefuta kazi ya mwezi mzima ya mwenzake akidhani ni yake, na kwamba hajamwambia, na kwamba mwenzake ameketi kiti cha tatu kutoka kwake. Wote tuligeuka kumtazama wa kiti cha tatu. Huyo naye akafunika uso, halafu akasema, "Nina nakala nyingine, lakini bado nitakuchapa." Yule mwembamba akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Kibuyu kilianza kusogezwa kwake.

Sijui ni nini kilichonisimamisha. Labda ni kuona mtoto wa miaka ishirini akilisema jambo ambalo mimi, niliyevuka mengi, sikuweza kulisema.

"Subiri na hicho kibuyu," nilisema. "Mimi nimetia mimba wanawake thelathini na mmoja siku moja."

Nilieleza yote, kuanzia maneno mekundu hadi kuku aliyekuwa akifukuzwa. Nilipofika kwa bibi mwenye wajukuu tisa, profesa alivua miwani na kuishikilia, mabega yakimtikisika. Msichana mmoja alitoka nje kwa kushindwa kupumua. Nilieleza pia juu ya lile faili la rekodi kumi na nane, na hapo hawakucheka. Profesa aliinuka mwenyewe, akakichukua kibuyu, akaniletea kwa mikono miwili. Nikanywa. Walinipigia vigelegele hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Wenzangu walipoondoka alinizuia kidogo.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Jopo ni watu wengine. Wanaweza kukuangusha kwa jambo hili, na mimi sina sauti siku hiyo, kwa sababu wewe ni mwanafunzi wangu. Utachagua mwenyewe faili utakalolipeleka."

"Uliona tangu Januari, Profesa. Kwa nini hukunizuia?"

"Ningekuzuia ungetii. Wewe ni mtu wa heshima." Alifuta miwani kwa upindo wa sketi. "Lakini niambie kitu kimoja. Wale akina mama, ni kweli hawajui?"

Swali hilo lilinirudisha zahanati Jumatatu iliyofuata. Niliketi kwenye ubao pamoja nao, nikiwa na daftari, kama nilivyofundishwa. Sikuuliza tarehe. Niliuliza kulikuwa na nini. Mmoja alisema ilikuwa wiki ya mwisho ya kuvuna, kabla ya mashine ya kupukuchua mahindi kufika kwao. Mwingine alisema ni Jumapili mbili baada ya mchango wa paa la kanisa. Mwingine alikumbuka kuwa shule zilikuwa zimefungwa siku tatu, kwa sababu kifungua mimba wake alikuwa nyumbani akimsumbua. Nilichukua kalenda ya parokia, kalenda ya shule na kumbukumbu za Sista za mvua, nikalinganisha. Kila mama alijua siku yake kwa karibu wiki moja, na wengine kwa karibu siku mbili. Nilifikiria wale wanawake waliosimamishwa kando katika uwanja wa maonyesho, pamoja na yule aliyesema mtoto wake wa pili alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa amejibu swali. Aliyeandika ndiye hakuwa na mahali pa kuliandika jibu lake, na miaka sita baadaye mimi nilikuwa nimetengeneza karatasi ya aina hiyo hiyo na kuitia rangi nyekundu.

Nilikuwa na siku kumi na moja. Niliziandika upya sehemu zote za tarehe. Wasichana wa meza ya Ijumaa walikuja kwa zamu kuijaribu, kila mmoja akijifanya mama mkaidi kuliko aliyemtangulia.

Ijumaa, tarehe 9 Mei, nilisimama mbele ya watu watatu. Profesa aliketi nyuma ya chumba, kalamu mdomoni. Slaidi yangu ya kwanza ilikuwa picha ya zile nyasi zilizojaa wanawake, ambayo Sista alikuwa ameipiga kwa simu.

"Nitaanza na kosa langu," nilisema, "kwa sababu ndilo utafiti wenyewe."

Niliona kalamu ikitoka mdomoni.

Mwenyekiti wa jopo, mtu mzima mwenye tai nyembamba aliyetoka chuo kingine, alisikiliza bila kutabasamu. Nilipomaliza alisogeza karatasi zake.

"Kwa hiyo katika rekodi arobaini na tisa, thelathini na moja ni za uongo?"

"Ndiyo."

"Na ni programu yako iliyozifanya kuwa za uongo?"

"Ndiyo. Akina mama walisema kweli. Karani alisema kweli. Programu ndiyo ilikataa kweli yao, ikapokea tarehe moja Januari."

"Ungeweza kuziacha nje. Mbona hukuziacha?"

"Nilikuwa nimekwisha kuziacha nje. Faili ninalo hadi sasa. Nikiziacha, zahanati inayofuata itafanya kosa langu tena, na mimi nitakuwa nimevaa joho."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Kisha akatoa pochi yake, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani na kukisukuma kwa mwenzake wa kulia.

"Soma siku niliyozaliwa."

Mwenzake alisoma. "Tarehe moja Januari."

"Mama yangu husema nilizaliwa usiku ng'ombe wa jirani walipovunja ua," alisema mwenyekiti. "Nimewahi kuitafuta siku hiyo. Sikuipata. Hebu tuonyeshe hiyo programu mpya ikifanya kazi."

Ikafanya kazi. Wakanitoa nje, wakazungumza kwa dakika ishirini na tano, nikizihesabu, wakaniita. Nimefaulu, walisema, lakini kwa sharti moja: niirudishe programu mpya katika zahanati ile ile, msimamizi wangu aishuhudie ikiwaandikisha akina mama halisi, naye atie sahihi kabla ya mwisho wa Juni.

Tulikwenda Jumatano, tarehe 18 Juni, profesa na mimi. Yeye aliketi kwenye ubao katikati ya wajawazito, fomu ya chuo ikiwa magotini, na kila aliyekuja akimwomba asogee ili aketi. Mama wa kwanza siku hiyo alikuwa mgeni, mimba yake bado changa. Karani alimuuliza mambo yalikuwaje ilipoanza.

"Ni ile wiki maji yalibeba daraja la miti," alisema mama huyo. "Kabla ya harusi ya dada yangu."

Karani alichagua mvua, akachagua daraja, akaandika harusi. Kompyuta ilimuuliza harusi ilikuwa Jumamosi gani, mama akajibu, na juma likajitokeza kwenye skrini, bila rangi nyekundu popote. Baada ya dakika moja simu ya mama ililia mkononi mwake, ikimletea siku ya ziara yake ijayo. Aliusoma ujumbe akisogeza midomo, kisha akakunja uso.

"Jumanne? Jumanne ni siku ya soko. Mimi siji Jumanne."

Karani alinitazama. Nilimtazama profesa. Naye alikuwa ameinama, tayari anatia sahihi.

"Utakuja lini, Mama?" nilimuuliza.

"Alhamisi."

Nikaandika Alhamisi.